Baraza na Boma: Mahakama Zilivyosikilizana Songea

Katika visiwa vyetu na katika mwambao wote, baraza ni jambo la mawe na chokaa kabla ya kuwa jambo la sheria. Ni kikalio kilichojengwa nje ya nyumba, ubavuni mwa mlango, ambapo mgeni hupokewa, kahawa hunywewa, na jirani aliyekosana na jirani yake hukalishwa mpaka waelewane. Kutoka kwenye kikalio hicho neno likapanda daraja. Likawa mkutano wa wale wanaokaa hapo, kisha likawa chombo chenye kuamua, na hatimaye likawa jina la mkutano wa mawaziri. Neno shauri nalo lina safari kama hiyo. Ni nasaha anayopewa mtu na nduguye, na ni kesi iliyofikishwa mbele ya hakimu. Mswahili hawezi kutaja kesi kwa neno hilo bila ya kuigusa nasaha.

Maneno hayo mawili hayakubaki pwani. Yalipanda bara pamoja na misafara iliyotoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa, yakapita katika nchi ya vilima na miombo ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma, na yakafanya makazi Songea. Huko yaliwakuta watu wenye njia zao za kuamua ugomvi. Baadaye yakatumiwa na serikali tatu zilizofuatana, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya taifa huru, na kila moja iliyapa maana iliyoitaka. Historia ya mahakama za Songea yaweza kusomwa kwa kuyafuata maneno hayo, na swali lake kubwa ni moja: pale baraza la wazee na mahakama ya dola yanapokutana juu ya haki ya mtu mmoja, ni nani humsikiliza mwenziwe?

Kabla ya Wajerumani nchi hiyo haikuwa na sheria moja. Wangoni waliingia katikati ya karne ya 19 wakitokea kusini, katika uhamaji mkubwa uliotokana na misukosuko ya nchi ya Wazulu. Kiongozi wao Zwangendaba aliuvuka Mto Zambezi mwaka 1835. Baada ya kufa kwake wafuasi walitawanyika makundi makundi, na baadhi yao wakaishia mashariki ya Ziwa Nyasa, ambako zilisimama dola mbili: Njelu upande wa kusini, chini ya ukoo wa Gama, na Mshope upande wa kaskazini, chini ya ukoo wa Tawete. Kila dola ilikuwa na Nkosi wake, na chini ya Nkosi walikuwapo manduna, yaani majemadari waliokuwa pia watawala wa sehemu zao. Nduna alisikiliza mashauri ya watu wake, na yale mazito yakapanda kwa Nkosi. Ilikuwa ngazi kamili ya mahakama, na aliyekaa juu yake ndiye aliyekuwa na mikuki.

Mashariki ya dola hizo, kuelekea Namtumbo ya leo, waliishi Wandendeule, ambao wengi wao walikuwa wametiwa chini ya utawala wa Wangoni. Wao hawakuwa na Nkosi wa kwao wala hakimu. Ugomvi wao waliumaliza kwa kukusanyika ndugu na majirani, wakazungumza mpaka likapatikana neno la kukubaliwa na pande zote. Tangu hapo, basi, Songea ilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya ngazi, ambamo mkubwa humwamulia mdogo. Ya pili ilikuwa ya duara, ambamo hakuna mkubwa, na neno haliishi mpaka wote waridhike. Dola zilizokuja baadaye zote ziliifahamu ngazi. Duara lilizipa taabu.

Wajerumani walifika mwaka 1897 wakajenga boma. Sheria waliyokuja nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa Berlin: kwa amri ya Chansela ya mwezi wa Aprili 1896, mkuu wa wilaya katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani alipewa uwezo wa kuwahukumu Waafrika kwa viboko, faini, minyororo na hata kifo. Hukumu ya kifo ilihitaji idhini ya Gavana, lakini wakati wa uasi amri hiyo iliruhusu njia ya mkato. Mzungu hakuguswa na amri hiyo. Yeye alihukumiwa na majaji wa fani kwa sheria ya Kijerumani. Mahakama ziligawanyika kwa rangi ya mwili, na kwa upande wa Waafrika mkamataji, mshitaki na hakimu waliweza kuwa mtu mmoja.

Hata hivyo, kikao cha bomani hakikuitwa mahakama. Kiliitwa shauri. Maofisa wa Kijerumani walilipenda neno hili hata wakalichukua na kuliandika katika lugha yao, Schauri, kwa maana ya kikao cha kusikiliza kesi na maneno ya wenyeji. Wazee waliitwa kukaa kando ya ofisa na kueleza desturi. Lakini nasaha iliyokuwamo ndani ya neno ilikuwa imetolewa, kwani aliyeuliza hakulazimika kufuata alichojibiwa.

Gharama ya shauri lisilo na nasaha ilionekana miaka minane baada ya boma kujengwa. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na kabla ya mwaka huo kwisha Wangoni wa Njelu na wa Mshope walikuwa wamekwisha kuingia vitani. Walikuwa na manung'uniko yao: kodi, kazi za kulazimishwa, na hadhi ya watawala wao iliyokanyagwa. Hayo yote yalikuwa mashauri, lakini hapakuwa na baraza la kuyapeleka, maadamu boma ndilo lililokuwa likilalamikiwa na boma ndilo lililokuwa likisikiliza malalamiko. Waswahili wana msemo kwamba kesi ya nyani hapelekewi ngedere.

Wangoni waliposhindwa, viongozi wao walikamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Tarehe 27 Februari 1906, Nkosi Mputa Gama wa Njelu alinyongwa pamoja na makumi ya viongozi wenzake. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kwa jumla waliouawa kwa kitanzi walizidi 60, na wengi wao walifukiwa katika kaburi moja ambalo leo limo katika uwanja wa Makumbusho ya Majimaji mjini Songea. Ilikuwa mahakama kwa umbo, lakini haikuwa na rufaa wala mshauri. Wengi kati ya waliokaa juu ya ngazi ya Kingoni waliondolewa kwa pigo moja, na njaa iliyofuata vita ikaondoa maelfu ya waliokuwa chini. Baadhi ya wanahistoria wa Tanzania wamekadiria kwamba katika nchi nzima vita hivyo na njaa yake viliua watu kati ya 250,000 na 300,000.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walikuja na fikra nyingine. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 ilisema kwamba katika kesi za wenyeji mahakama ziongozwe na sheria za wenyeji, mradi sheria hizo zisipingane na haki na maadili. Sir Donald Cameron alipowasili kuwa Gavana mwaka 1925 aliitia nguvu fikra hiyo. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwarejeshea machifu kazi ya kutawala, na Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ikawapa kazi ya kuhukumu. Songea, mahali ambapo miaka 20 tu kabla yake watawala walikuwa wakinyongwa, Nkosi akarudishwa kitini, safari hii akiwa na karani, daftari la kesi na mshahara.

Kilichofanywa mwaka 1929 kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndicho kilichoamua sura ya mahakama kwa kizazi kizima. Mahakama za wenyeji ziliondolewa kabisa katika usimamizi wa Mahakama Kuu. Rufaa kutoka kwa chifu haikwenda kwa jaji. Ilikwenda kwa Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana mwenyewe. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Zikawapo ngazi mbili katika nchi moja, kila moja na mlango wake na paa lake, na mtu aliyepanda ngazi moja hakuwa na daraja la kumvusha kwenda katika nyingine. Waliouunga mkono mpango huo walisema kwamba unailinda desturi isimezwe na ufundi wa mawakili. Waliopinga, wakiwamo wanasheria wa serikali ileile, walisema kwamba umemfanya ofisa mtawala kuwa jaji wa kazi yake mwenyewe. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Desturi ililindwa, lakini ililindwa kwa kufungiwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye aliyeamua lipi katika mila lakubaliana na haki na maadili na lipi halikubaliani. Sheria ya Mahakama za Mitaa ya mwaka 1951 ililegeza mambo kidogo, lakini kuunganishwa kwa ngazi hizo kulingoja uhuru.

Wakati huohuo duara la Wandendeule lilikuwa bado linazunguka, na kwa bahati njema limeandikwa. Kati ya mwaka 1952 na 1954 mtaalamu wa elimu ya jamii P. H. Gulliver alikaa Songea akichunguza maisha ya Wangoni na Wandendeule. Baadaye aliandika juu ya namna Wandendeule walivyomaliza migogoro bila ya mahakama, na maandishi yake yakawa miongoni mwa yanayosomwa sana na wanafunzi wa sheria za jadi duniani. Mfano wa ugomvi aliouona ni ule wa mahari, baina ya baba mkwe anayesema kwamba hajakamilishiwa na mkwe anayesema kwamba amekwisha kutoa vya kutosha. Kila mmoja huwakusanya jamaa zake. Kikao huwekwa. Wenye maneno husema, na wenye kujibu hujibu. Lakini katika kijiji ambamo karibu kila mtu ana udugu na mwenziwe, daima wapo watu wenye udugu na pande zote mbili, na hao ndio wanaoumia zaidi ugomvi ukiendelea. Ndio, basi, wanaokuwa wapatanishi. Hawana cheo wala askari, ila wana haja ya kuishi kwa amani na huyu na yule. Mwisho hutajwa kiasi ambacho si kile alichodai baba mkwe wala si kile alichokikubali mkwe, na pande zote hukipokea.

Kikao hicho hakitafuti nani mkweli tu. Kinauliza pia majirani hawa wataishi vipi kesho, watakapohitaji kusaidiana kulima. Mahakama ya boma, na hata ile ya chifu, ingetoa hukumu yenye mshindi na mshindwa, kisha ikafunga daftari. Wandendeule walijua kwamba daftari likifungwa, ugomvi hurudi nao kijijini.

Lakini haifai kulisifu duara kupita kiasi. Neno linalopatikana kwa maafikiano hutegemea uzito wa watu waliokuja na kila upande. Mwenye jamaa wengi hupata zaidi kuliko mwenye jamaa wachache. Mgeni, yatima, mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, mjane ambaye nduguze wako safari ya siku tatu, hawa huingia katika kikao wakiwa wepesi kama kapi la mpunga. Penye wazee haliharibiki neno, wahenga walisema, lakini yawezekana neno likasalimika na mjane akaharibikiwa. Kwa watu wa namna hiyo, mlango wa mahakama ya mbali, yenye hakimu asiyekuwa shemeji ya mtu yeyote, unaweza kuwa ndio wokovu pekee.

Taifa huru lilirithi ngazi zote mbili pamoja na duara, na liliamua haraka. Mwaka 1963 sheria iliyowapa machifu mamlaka ilifutwa. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ambayo ilipoanza kutumika mwaka 1964 ilisimamisha ngazi moja kwa nchi nzima ya Tanganyika: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Mkulima wa Songea aliyeshindwa katika kesi ya shamba akapata kwa mara ya kwanza njia iliyonyooka ya kumfikia jaji. Mahakama ya Mwanzo ilipewa kazi ya kutumia sheria za mila na za Kiislamu, iliendeshwa kwa Kiswahili, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Pembeni mwa hakimu waliketi wazee wa mahali hapo, na kwa sheria ilivyoandikwa tena mwaka 1984 hao walikuwa si chini ya wawili, wenye kura sawa na ya hakimu.

Waliitwa wazee wa baraza, na kwa jina jingine washauri wa mahakama. Maneno mawili yaliyotoka pwani na misafara yakawa yamekutana juu ya benchi moja. Na kwa sababu wazee hao walikuwa na kura, hakimu aliyetoka mkoa mwingine aliweza kushindwa nao. Huo ulikuwa ushirikiano kwa maana yake halisi, kwani mahakama ya dola ilikubali kufungwa na maneno ya watu wanaoijua nchi.

Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa 1963 serikali ilifanya jambo jingine lililokwenda upande wa pili. Hans Cory, mtaalamu aliyekuwa ameitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi katika kukusanya mila za Wahaya na Wasukuma, alikuwa ameshiriki mpango wa kuziunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Matokeo yake yalitangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa sheria: juu ya mahari, ndoa na watoto, juu ya usimamizi, juu ya urithi. Nia ilikuwa njema; taifa lenye makabila zaidi ya 100 lilitafuta kauli moja. Mkoa wa Ruvuma wenyewe unaonyesha ugumu wa kazi hiyo, kwa kuwa Wangoni hufuata ukoo wa baba ilhali Wayao wa Tunduru, jirani zao, ni watu wa ukoo wa mama. Lakini ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika tendo lenyewe la kuandika. Mila iliyokaa katika vinywa vya wazee hubadilika kimyakimya kila inapotumiwa. Mila iliyopigwa chapa husimama pale ilipopigwa. Katika kanuni za urithi za mwaka huo iliandikwa kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake.

Matokeo yake yalionekana nje ya Songea, lakini sheria iliyohusika ni ya ngazi ileile. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza rufaa iliyotoka Kagera. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mwana wa ndugu yake akadai kwamba kwa mila mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo iliifuata mila kama ilivyoandikwa. Jaji Mwalusanya aliipima mila hiyo kwa Hati ya Haki iliyotiwa katika Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi, jibu walilopewa mwaka 2006 lilikuwa kwamba kanuni hizo zinabagua, ila si kazi ya mahakama kuzibadili mila kwa hukumu. Rufaa yao ilianguka mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema kwamba Tanzania imevunja haki zao. Kauli ya wazee, ambayo barazani ingeweza kujibiwa na wazee wengine, ilikuwa imekuwa kauli ya Gazeti, na kwa hao wajane hakupatikana wa kuijibu.

Songea, kama kwingineko, taifa liliendelea kutafuta namna ya kulirudisha baraza bila ya kurudisha dhuluma yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza kwamba mwenye kutaka talaka apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na mahakama isimpokee mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mwaka 1985 yakaundwa Mabaraza ya Kata, yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wakaazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilizitambua haki za ardhi za kimila, na papo hapo ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria ya Mahakama za Ardhi ya mwaka 2002 ikapanga ngazi ya mashauri ya mashamba: Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu wao wanawake, kisha Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Mahakama Kuu.

Kwa karibu miaka 20 Baraza la Kata lilipatanisha na pia likahukumu. Likapata lawama zilizolipata kila baraza: undugu, ujirani, kutojua sheria, kumbukumbu zisizosomeka. Mwaka 2021 Bunge liliiondoa hukumu na kuuacha upatanishi. Baraza likapewa siku 30 za kuwasuluhisha wenye ugomvi wa shamba. Likishindwa, mlango wa juu hufunguka. Katika mwaka huohuo Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Jambo hilo halikuwa dogo, kwani tangu zamani maneno ya mzee yaliyosemwa kwa Kiswahili katika Mahakama ya Mwanzo yalilazimika kuvaa Kiingereza kila yalipopanda Mahakama Kuu, na mwenyewe akisomewa hukumu alihitaji mkalimani ili ajue ni kipi alichokuwa amekisema.

Tatizo hili si la Songea peke yake. Zanzibar, Mahakama za Kadhi zimesimama kama mahakama za dola, na rufaa zao humalizikia katika Mahakama Kuu ya Zanzibar. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979 na kuhudumia pande zote mbili za Muungano, haina mamlaka juu ya mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Marekani, mataifa ya wenyeji wa asili yana mahakama zao kando ya zile za majimbo na za shirikisho. Sheria ya mwaka 1953 iliyapa baadhi ya majimbo mamlaka ndani ya ardhi zao bila ya kuwauliza, na majaji wa pande hizo tatu wametumia miaka mingi wakikaa pamoja kupunguza mgongano ulioletwa na sheria hiyo. Wanavajo walifanya la kwao: mwaka 1982 waliirudisha njia yao ya usuluhishi ndani ya mahakama yao wenyewe. Kila mahali mipaka ni tofauti, lakini sharti ni moja. Ngazi huamua nani ana neno la mwisho. Haiamui kama mwenye neno la mwisho amesikia lile la kwanza.

Miaka zaidi ya 100 ya Songea yaonyesha kwamba ushirikiano wa mahakama hauletwi na kuzipanga moja juu ya nyingine tu. Mwaka 1906 mahakama ya dola ilikaa peke yake, na mwisho wake ulikuwa kaburi la pamoja. Mwaka 1929 mahakama mbili zilitenganishwa ukuta, na mnyonge aliyebanwa upande mmoja hakuweza kuvuka. Mwaka 1963 kauli ya wazee ilichukuliwa ikaandikwa, na wazee wakaachwa nje. Palipofanikiwa ni pale mzee alipoketi na kura yake pembeni mwa hakimu, na pale mjane alipojua kwamba baraza likimwelemea ipo mahakama ya juu itakayomsikiliza. Kila kimoja kinahitaji kingine kimwone.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikwenda kwenye makumbusho yaliyo na kaburi la walionyongwa, akaketi na jamaa wa ukoo wa Songea Mbano, ambao tangu zamani husimulia kwamba kichwa cha babu yao kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Aliomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Hapakuwa na hakimu wala daftari la kesi. Palikuwa na watu waliokaa, mmoja akisema na wengine wakisikiliza, kisha wakibadilishana zamu. Ilikuwa imepita miaka 117 tangu hukumu ya boma, na hatimaye Songea ilikuwa imepata shauri.